Plagi ya Tatu

Mwalimu alianza kukasirika kabla hata hajageuza ufunguo. Alifika kwenye uwanja wa shule ya udereva akakuta boneti la gari limejaa alama za vidole vyenye grisi, kitambaa cha kufutia vioo kimegeuzwa cha kufutia oili, na mdogo wake amesimama mlangoni mwa ofisi, mikono kiunoni, anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

"Nimebadilisha plagi," akasema. "Zote nne. Mwenyewe."

"Nani kakutuma?"

"Dada, hapo husemwa asante."

Hakuisema. Gari lile lilikuwa lake kwa kila kitu isipokuwa karatasi. Mzee wao alilinunua likiwa limechoka tayari, akalifungia pedali za pili upande wa mwalimu, akaweka kibao cha herufi nyekundu juu ya paa na kuanzisha shule. Alipofariki, binti yake mkubwa alibaki palepale alipokuwa, kwenye kiti cha pembeni, miguu juu ya klachi na breki za akiba, akiwafundisha watu wazima kupunguza woga kidogo kidogo hadi ukaisha. Mdogo wake wa kiume akachukua meza ya ofisi, simu, na darasa la alama za barabarani. Wanafunzi wakamwita dada Mwalimu. Kaka wakamwita Bosi, mwanzoni kwa utani, halafu utani ukapotea njiani. Gari wakaliita Ajuza, kwa kuwa lilipanda mlima likiguna na kuushuka likinung'unika.

Lakini Ajuza alikuwa mzima. Plagi zake zilikuwa zimechakaa, basi, na Mwalimu alishapanga kumpeleka kwa fundi. Hakuwa ameomba msaada wa mtu aliyeshindwa kufunga bawaba ya kabati.

Aliingia, akawasha. Injini ikashika, ikatulia kidogo, kisha ikaanza kutetemeka. Kile kibao cha juu ya paa kikawa kinagonga ta-ta-ta kama mtu anayebisha hodi bila adabu. Alipokanyaga mafuta, gari lilijivuta, likasita, likajivuta tena.

"Inamisi," akasema kupitia dirishani.

"Plagi mpya hizo. Zinataka kuzoea."

"Plagi si viatu, zizoee mguu. Silinda nne, zinazofanya kazi tatu. Fungua boneti tuangalie."

"Dada, nimefunga vizuri. Ukigusagusa utaharibu." Bosi akarudi ndani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mzee wao azikwe, akaufunga kwa ufunguo.

Siku zilizofuata zilikuwa za kugombana. Bosi hakukosa sababu. Kwanza ikawa petroli, eti kituo cha barabara kuu kinachanganya maji. Mwalimu akatoa petroli yote tangini, akatia nyingine kutoka upande wa pili wa mji. Gari likatetemeka vilevile. Ikawa kabureta. Akaisafisha mwenyewe, tundu baada ya tundu, kwa waya mwembamba na pumzi yake mwenyewe, mpaka midomo ikanuka petroli siku nzima. Gari likatetemeka vilevile. Ikawa koili. Fundi umeme akaja na kipima umeme chake, akapima, akasema koili haina neno, akashika njia yake. Mwisho Bosi, aliyeishiwa vifaa vya kusingizia, akamgeukia mtu.

"Ni wewe," alisema siku moja mbele ya wanafunzi wawili waliokuwa wanasubiri zamu yao. "Mguu wako hautoki kwenye klachi. Unalimaliza gari."

Mwalimu alimtazama. Miaka yote ya kukaa na watu wanaokanyaga mafuta wakidhani ni breki ilikuwa imemfundisha kutopiga kelele, maana ukimpigia kelele mwanafunzi anaachia usukani. Basi naye alipokasirika, sauti yake ilishuka badala ya kupanda. Waliomjua walijua kuogopa ile sauti ya chini.

"Rudia," akasema.

Bosi alijitia kupokea simu ambayo haikuwa imeita.

Kulikuwa na jambo jingine la ajabu juma lile, ila Mwalimu hakulitilia maanani. Kila siku, darasa la mchana likiisha, ilikuwa kawaida yake kumpitia binti wa Bosi shuleni na kumrudisha nyumbani na Ajuza. Mtoto alikaa nyuma, miguu haifiki chini, akimsimulia shangazi yake nani kampiga nani. Juma lile Bosi alisema atamfuata mwenyewe, kwa miguu. Alijipiga tumbo. "Nataka kupunguza hili," alisema. Mwalimu akafikiri, haya, angalau jambo moja la maana.

Siku aliyochoka kabisa, alisubiri mdogo wake aingie darasani, akafungua boneti. Alivaa glavu nene za mpira, akaacha injini inanguruma, akachomoa kofia ya waya wa plagi ya kwanza. Injini ikayumba, nusura izime. Akairudisha. Akachomoa ya pili, ikayumba vilevile. Akaruka akachomoa ya nne, ikayumba. Kisha akarudi akachomoa ya tatu, na hakuna kilichobadilika. Injini ikaendelea kutetemeka kama ilivyokuwa inatetemeka, kama vile hakuna mtu aliyegusa kitu. Silinda ya tatu ilikuwa kazini kwa jina tu.

Akabadilisha waya, akauweka mwingine uliokuwa mzima. Hali ileile. Kwa hiyo waya hauna kosa. Akainama, sikio karibu kabisa na chuma, akasikia: chii, chii, chii, kama mtu anayefyonza kwa dharau. Na harufu ya petroli mbichi ikampanda puani.

Plagi ya tatu ilikuwa inapumua. Moto na hewa vilivyotakiwa kusukuma gari vilikuwa vinatorokea pembeni yake, maana yake haikukaa sawasawa kwenye tundu lake. Jambo dogo. Spana, mizunguko michache, basi.

Akaenda nyuma ya gari kuchukua spana ya plagi. Haikuwepo. Spana nyingine zote zilikuwepo kwenye mfuko wao wa turubai, kila moja mahali pake, ila hiyo tu.

"Ninayo mimi," Bosi alisema alipotoka darasani. Alikuwa anafuta chaki mikononi, anafuta tena, na chaki ilishaisha. "Iko kwenye droo."

"Nipe. Plagi ya tatu haijakaza. Inatoa hewa."

"Nitaikaza mwenyewe jioni."

"Nipe sasa hivi, ni kazi ya dakika."

"Dada, nimesema nitaifanya! Au na hilo sitakiwi kuliweza?"

Kuna kitu katika sauti yake kilichomfanya Mwalimu aache. Mzee wao alikuwa na mdomo mkali, na ukali wake mwingi ulimwangukia huyu mtoto wa mwisho. Alimwita Nyundo, kwa kuwa kila alichoshika kilivunjika, na alimwita hivyo mbele za wageni. Mwalimu akainua mikono, akamwachia.

Kesho yake Ajuza alikuwa ametulia. Kibao hakikugonga. Gari lilivuta vizuri kwenye tambarare, na Bosi akatoka kwenye ngazi za ofisi akiwa amepanua kifua.

"Nimeifungua, nimesafisha, nimekaza. Umeridhika?"

Na Mwalimu, kwa kuwa haki ni haki, alisema, "Asante." Neno hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye. Plagi angeweza kuisahau. Lakini kwamba alimshukuru!

Mwanafunzi wa saa nne alikuwa Mama Mshonaji. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, ameshona nguo za watu tangu ujana wake, na alikuja kujifunza gari kwa sababu mumewe, aliyemwendesha maisha yao yote, macho yalikuwa yanamwisha. Gari lao lilikuwa limefunikwa turubai uani. "Kila siku ananiambia jua ndilo linalomsumbua," alimsimulia Mwalimu siku ya kwanza. "Jua gani hilo mpaka ndani ya nyumba? Nimechoka kujifanya namwamini. Nifundishe." Klachi ilimpa taabu. "Mguu wangu umezoea cherehani," alisema, "na cherehani ukiikanyaga inakwenda, haikuulizi gia ya ngapi." Alilia mara mbili kwenye usukani na mara zote mbili alirudi kesho yake.

Siku hiyo zamu yake ilikuwa ya mlima. Ule wa kwenda hospitali, mrefu, wenye lami iliyochanika pembeni na malori yanayopanda yakihema. Somo lilikuwa kusimama katikati ya mlima na kuondoka bila kurudi nyuma. Walisimama. Mama Mshonaji akavuta breki ya mkono, akakaza meno. Nyuma yao likaja lori la mchanga, nalo likasimama.

"Usimtazame," Mwalimu akamwambia. "Huyo ana breki zake. Wewe sikiliza injini. Achia klachi taratibu, mpaka usikie gari linataka kwenda. Hapo. Hapohapo. Sasa mpe mafuta, shusha breki ya mkono."

Mama Mshonaji akafanya kama alivyoambiwa, kila kitu kwa mpangilio wake, vizuri kuliko siku zote. Ajuza akainua pua. Akasogea.

Kikalipuka kitu. Kilikuwa kishindo kama tairi limepasukia chini ya boneti, na chuma kikagonga chuma, na boneti likavimba mbele ya macho yao, uvimbe kama wa ngumi iliyopigwa kutoka ndani. Kisha injini ikaanza kufoka, pa-pa-pa-pa, kelele ya kutoboa masikio, na gari likakosa nguvu yote kwa pamoja na kuanza kurudi nyuma, kwenye lori.

Mama Mshonaji aliinua miguu yote miwili kama mtu aliyeona nyoka. Mwalimu akakanyaga breki yake ya akiba mpaka goti likalia, akavuta ile ya mkono kwa mikono miwili, akazima ufunguo. Gari likasimama. Kwenye kioo cha nyuma hapakuwa na barabara tena, palikuwa na meno ya lori tu, na honi ililia mpaka ikachoka.

"Nimeua mtu?" Mama Mshonaji aliuliza. Mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania usukani. "Mwalimu, niambie. Nimeua?"

"Hujaua mtu, mama. Ulifanya sawasawa. Ulifanya kila kitu sawasawa."

Dereva wa lori alikuwa ameshashuka, anakuja na matusi yake mkononi. "Nyie wanawake mnaojifunza—" alianza, akafika kwenye boneti wakati Mwalimu analifungua, na sentensi ikamfia mdomoni.

Waya wa tatu ulikuwa unaning'inia kando, na plagi ikiwa bado ndani ya kofia yake, mfano wa jino lililong'olewa na kuachwa kwenye uzi. Tundu lake lilikuwa wazi kwenye kichwa cha injini. Nyuzi za ndani za lile tundu, zile zinazoishika plagi, zilikuwa zimesagika. Hakukuwa na uzi, palikuwa na mikwaruzo. Na ukingoni mwa tundu, na shingoni mwa plagi, kulikuwa na kitu cha kijivu. Mwalimu akakigusa. Kikameguka. Akakinusa.

"Gundi," dereva wa lori alisema kwa sauti ya mtu aliyeingia msibani kwa makosa. "Hiyo gundi ya chuma. Mama, nani kakufungia plagi kwa gundi?"

Mwalimu alikuwa anaitazama ile gundi. Ilikuwa ya tabaka mbili. Ya ndani ilikuwa ngumu, imeungua, nyeusi kwa moto wa siku nyingi. Ya juu yake ilikuwa mpya, bado laini kidogo, ukiibonyeza kwa ukucha inaacha alama. Ya kwanza ilikuwa ya ile siku ya mikono kiunoni. Ya pili ilikuwa ya jana jioni, ya "nimeifungua, nimesafisha, nimekaza". Mdogo wake aliipachika plagi upande, akalazimisha spana mpaka akala nyuzi zote, na badala ya kusema, akaibandika kwa gundi kama anayebandika soli ya kiatu. Na alipoambiwa inapumua, akaongeza gundi.



Dereva wa lori, ambaye sasa alikuwa na hasira kwa niaba yao, alitoa kamba, akapita mbele, akalivuta gari. Mwalimu akashika usukani. Alimwambia Mama Mshonaji apande basi arudi nyumbani akapumzike.

"Nipumzike nini?" Mama Mshonaji alisema, akafunga mkanda kwenye kiti cha pembeni. "Nakuja. Nataka nimwone."



Bosi alikuwa darasani, mbele ya wanafunzi, na fimbo yake ikiwa juu ya picha ya alama ya pembetatu. Dirisha lilikuwa wazi. Aliona lori, akaona kamba, akaona Ajuza nyuma yake na boneti lililovimba. Fimbo ikabaki hewani. Mwalimu aliingia bila kubisha. Alikuwa amebeba plagi kwenye kiganja, na waya wake. Aliiweka juu ya meza, mbele yake, juu ya vitabu.

"Hii nini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Dada, tuongee ofisini."

"Hapa. Hii nini?"

"Plagi."

"Na hiki cha kijivu?"

Bosi alitazama wanafunzi. Wanafunzi walitazama madaftari yao, ila hakuna aliyeandika.

"Ilikuwa inashika," alisema mwishowe. "Hiyo gundi ni ya chuma, dada, watu wanazibia hata vitu vya moto. Niliiangalia. Ilikuwa inashika vizuri. Nilijua itatufikisha mpaka likizo, halafu—"

"Ulijua itashika."

"Ndiyo."

"Ulikuwa na uhakika."

"Dada, nakwambia ilikuwa—"

"Basi niambie kwa nini juma zima umemfuata mtoto shuleni kwa miguu."

  Mwalimu mwenyewe hakuwa amejua kwamba atasema hivyo. Maneno yalikuja na akayaelewa wakati yanatoka, na alipoyaelewa, akashika ukingo wa meza.

 Mkono wa Bosi ulikwenda tumboni, pale alipokuwa amejipiga siku ile akizungumzia kitambi, ukaona haya, ukashuka.

"Mtoto wako hukumpandisha," Mwalimu alisema. Sasa sauti ilikuwa imeanza kupanda, na hakuizuia. "Wako ulimtoa! Mimi ukaniacha. Hawa ukawaacha. Huyu mama nimempeleka mlimani na lori nyuma yake, na wewe umekaa hapa unafundisha watu alama ya hatari! Ulinisimamisha mbele za watu ukaniambia ni mguu wangu. Mguu wangu! Nimetoa petroli yote, nimepuliza kabureta kwa mdomo, nimemwita fundi umeme, na wewe unanitazama, na unajua! Leo asubuhi nikakwambia asante. Unakumbuka? Nilikwambia asante!"

Alichukua plagi akaitupa. Hakumlenga, aliitupa ukutani, ikagonga ile picha ya pembetatu, ikadunda, ikabingirika chini ya madawati. Mwanafunzi mmoja akainua miguu yake ipite.

"Dada, samahani."

"Usinipe samahani yako. Bado sina mahali pa kuiweka."

Mama Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, mkoba ameukumbatia. Aliingia taratibu, akasimama mbele ya Bosi, akamtazama usoni kama anayempima suti.

"Mwanangu," alisema, "mimi sina mtoto wa kukaa kiti cha nyuma. Wangu wamekua. Lakini nyumbani kuna mzee haoni, anasubiri nirudi. Ulimfikiria huyo?"

Bosi akainamisha kichwa. Mama Mshonaji akatoka.

Mwalimu alichukua ufunguo wa ofisi kwenye meza, akaenda kuifungua, akarudi na spana ya plagi na tyubu ya gundi iliyokunjwa mpaka nusu, vyote kutoka kwenye droo. Tyubu akaitia kwenye pipa la taka mbele ya wote. Akatoka nje, wanafunzi wakimfuata, akapanda juu ya tairi la Ajuza, akakifungua kile kibao cha herufi nyekundu kutoka kwenye paa, akakiegemeza ukutani kikiwa kimegeuzwa.

"Shule imefungwa," aliwaambia wanafunzi. "Itafunguliwa gari likipona. Na kila mmoja wenu atapigiwa simu aelezwe kilichotokea. Atakayepiga ni yeye, si mimi."

Fundi alifungua kichwa cha injini, akalipanua lile tundu, akaingiza ndani yake bushi, kibomba kifupi cha chuma chenye nyuzi mpya, safi, zinazong'aa. Mwalimu alikaa naye kwenye gereji yake tangu asubuhi, kwenye kreti lililopinduliwa, akiangalia kila kitu. Hakutaka kusimuliwa.

Bosi alikuja mchana. Alikaa kwenye kreti jingine, mbali kidogo, na kwa muda mrefu walitazama fundi anavyofanya kazi, kama watu wanaosubiri daktari.

"Nimewapigia wote," alisema. "Wawili wamekataa kurudi. Mmoja amenitukana."

"Ana haki."

"Ndiyo." Alikuwa anachezea kipande cha waya. "Nilitaka tu kufanya kitu kimoja, dada. Kitu kimoja kwenye lile gari. Ilipokataa kuingia nikaisukuma, nikasikia imelia, nikajua. Nikamsikia mzee. Nakuapia, nilimsikia kabisa: Nyundo umeshavunja tena. Nikaona heri nife kuliko kukuita."

"Wewe hukufa," Mwalimu alisema. "Ulitutanguliza sisi."

Alijua mdogo wake anasema kweli. Alimkumbuka akiwa mtoto mwenye masikio makubwa, amesimama ukutani na kikombe kilichovunjika, wageni wanacheka. Alimhurumia yule mtoto, na huruma hiyo haikuigusa hasira yake hata kidogo. Vyote viwili vilikaa kifuani, bega kwa bega, havisalimiani. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba ukishamwelewa mtu, hasira inaisha. Sasa alimwelewa, na bado alitaka kumtia makofi.

"Nitakwambia kitu kimoja," alisema. "Mzee alikosea kukuita vile. Lakini mzee hayupo. Aliyeshika gundi ni wewe. Ukivunja, uniambie umevunja. Nitafoka, nitakutukana, mpaka majirani watoke nje. Halafu nitachukua spana. Hilo ndilo utakalopata kwangu, basi. Lakini ukinificha tena kitu kwenye gari ninalopandisha watu, hutakuwa na dada."

"Nimesikia."

"Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Shule ilifunguliwa tena. Mama Mshonaji alirudi, ingawa mara ya kwanza alimlazimisha fundi aje ammulikie tochi aone zile nyuzi kwa macho yake. Alizikagua kama mshono wa bega, akatikisa kichwa kukubali. Mlima aliupanda siku hiyohiyo. Mtihani alishindwa mara ya kwanza kwa kusahau taa ya kuashiria, akapita mara ya pili, na Mwalimu alimwona siku moja sokoni akiwa nyuma ya usukani, mumewe kando yake amevaa miwani ya jua, akimwelekeza njia ambayo haioni, na yeye akimwitikia, "Ndiyo, mume wangu, ndiyo," huku akikata kona upande mwingine.

Dada na kaka walisalimiana asubuhi, wakaongea mambo ya kazi. Zaidi ya hapo, hapana. Mtoto alimuuliza shangazi yake kwa nini haji tena kula kwao siku za mapumziko, naye akamwambia bado ana hasira. "Na baba?" "Na baba yako, ndiye mwenyewe." Mtoto akafikiri. "Zitaisha lini?" "Sijui," Mwalimu akasema, na alikuwa anasema kweli.

Kisha siku ya mapumziko, wakati anaanika nguo uani, simu iliita. Alipoona ni Bosi, aliiacha iite kidogo.

"Dada," sauti ilisema, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Niko uwanjani. Mkanda wa feni ulikuwa unalia, nikafikiri nitaukaza. Nimelegeza nati na sasa moja imekatika. Nimeshindwa. Sijagusa kitu kingine. Njoo uone."

Mwalimu alisimama na shati lililolowa mkononi.

"Nani kakutuma?" akafoka. "Nani? Siku ya mapumziko, mkono unakuwasha nini? Hivi wewe una akili kweli? Nati inakatikaje, uliikaza kwa meno?" Jirani alichungulia juu ya ukuta. Mwalimu aliendelea, na kuendelea, mpaka shati likamkaukia nusu mkononi, na upande wa pili wa simu mtu hakujitetea hata neno moja, hakukata simu, alikuwa anapumua tu.

"Usiguse chochote," alisema mwishowe. "Kaa kando. Kaa mbali kabisa na hilo gari."

Akatundika shati, akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kazi, bado anafoka peke yake.